Kutoka Kobe wa Bristol hadi Njiapanda za Kinshasa: Historia Fupi ya Kuwafundisha Wanaoanza Ubunifu wa Kihandisi kwa Njia ya Roboti

0. Utangulizi

Mwanafunzi anayeingia mwaka wa kwanza wa uhandisi katika vyuo vikuu vyetu hukutana kwanza na hesabu, kisha na fizikia, kisha na michoro. Mtu ambaye siku moja atakitumia kitu kilichochorwa hukutana naye mwisho kabisa, na pengine hakutani naye kamwe. Mpangilio huo una sababu zake, na hakuna atakayeukejeli aliyewahi kuona daraja lililojengwa bila hesabu. Hata hivyo una hasara moja kubwa. Humzoeza mwanafunzi kuamini kwamba kubuni ni kutafuta jibu moja lililo sahihi, ilhali kubuni ni kuchagua, miongoni mwa majibu mengi yanayowezekana, lile litakalomfaa mtu fulani, mahali fulani, kwa mali iliyopo.

Tangu katikati ya karne ya 20 wamekuwapo walimu waliojaribu kuupindua mpangilio huo. Walimweka mwanafunzi mbele ya mashine itembeayo au itazamayo kabla hajamaliza hesabu zake, wakamwambia: iamrishe, itengeneze, kisha umtazame mwenzako anavyokutana nayo. Makala haya yananuia kufuata historia ya jaribio hilo katika vituo vichache: maabara moja ya Bristol, darasa la watoto na darasa la wahandisi huko Cambridge ya Massachusetts, uso wa roboti iliyoitwa Kismet, na mwishowe njiapanda za Kinshasa. Swali letu ni hili: mtu anayeanza hujifunza nini anapomwona mtu mwingine akisimama mbele ya mashine aliyoibuni yeye? Na kwa kuwa wasomaji wetu ni watu wa lugha, tutauliza pia lugha ina nafasi gani katika somo hilo.

1. Neno na mzigo wake

Neno roboti lilizaliwa jukwaani. Mwandishi wa Kicheki Karel Čapek alilitumia katika tamthilia yake R.U.R., iliyochapishwa mwaka 1920, na yeye mwenyewe alieleza kwamba aliyempendekezea neno hilo ni kaka yake Josef, mchoraji. Asili yake ni neno la Kicheki robota, ambalo maana yake ni kazi ya lazima, ile ambayo mkulima alimfanyia bwana wake bila ujira. Kiswahili kina neno lake la jambo hilo, nalo ni shokoa. Katika nchi yetu, ambako maelfu kwa maelfu walipelekwa msituni kutafuta mpira katika Dola Huru ya Kongo ya mwaka 1885 hadi 1908, hatuhitaji kamusi ndefu ili kuelewa kile alichokitia Čapek katika neno lake.

Kusini mwa Afrika neno hilo lilichukua njia nyingine. Nchini Afrika Kusini, na katika nchi jirani kadhaa, robot ni taa ya barabarani inayoongoza magari. Hivyo neno moja lilikuja kubeba maana mbili: mtumishi asiyekuwa na hiari, na kiongozi asiyekuwa na mwili. Maana hizo mbili zitakutana tena mwishoni mwa makala haya.

Maneno yetu wenyewe yanastahili pia kutazamwa. Kubuni ni kuzua kitu kipya, na pia ni kutunga hadithi. Usanifu ni sifa ya mtunzi wa mashairi, na ni kazi ya mchora majengo vilevile. Lugha haikuyatenganisha yale ambayo vitivo vya chuo kikuu vimeyatenganisha. Anayetunga hadithi humfikiria msikilizaji wake tangu sentensi ya kwanza: atacheka wapi, atachoka wapi. Walimu tutakaowataja walitaka mhandisi anayeanza awe na tabia hiyohiyo.

2. Kobe wa Bristol

Mnamo mwaka 1948 na 1949, katika taasisi ya utafiti wa ubongo iitwayo Burden, mjini Bristol, mtaalamu wa ubongo William Grey Walter aliunda mashine mbili ndogo akazipa majina ya Elmer na Elsie. Zilikuwa na magurudumu matatu, betri, jicho moja la umeme lenye kuhisi mwanga, gamba lililohisi mguso, na vali mbili tu za redio badala ya ubongo. Kwa sababu ya gamba lao na mwendo wao wa pole, zikaitwa kobe.

Muundo ulikuwa mdogo, lakini mwenendo ulikuwa mwingi. Kobe alizunguka akitafuta mwanga. Mwanga ulipozidi ukali aliukimbia. Alipogonga kiti alirudi nyuma akatafuta njia nyingine. Betri ilipopungua, taa ya kibandani mwake, ambayo hapo awali ilimfukuza, ilimvuta aingie kujaza umeme. Walter alimpa kobe wake taa ndogo kichwani, iliyozimika kila jicho lilipoona mwanga. Akiwekwa mbele ya kioo, kobe aliiona taa yake mwenyewe, ikazimika, akaitafuta, ikawaka tena, naye akawa akitikisika mbele ya kioo kama anayecheza. Walter aliandika kwamba mnyama angefanya hivyo, watu wangesema anajitambua.

Mwaka 1951 kobe wa namna hiyo walionyeshwa kwa umma katika maonyesho makubwa ya taifa ya Uingereza. Watu waliowatazama hawakusema wanaona vali mbili na betri. Walisema kobe ana njaa, anaogopa, anatafuta. Hapo pana somo la kwanza la historia yetu, ingawa Walter hakuwa akifundisha ubunifu wala uhandisi: mashine inapotembea mbele ya mtu, nusu ya kile kinachoonekana hutoka kwa mtazamaji. Mbunifu asiyelijua jambo hilo hujua nusu tu ya mashine yake.

3. Kobe wa watoto

Aliyemchukua kobe akamtia darasani alikuwa mtu wa bara letu. Seymour Papert alizaliwa Pretoria mwaka 1928, akasoma hesabu, akaupinga ubaguzi wa rangi wa nchi yake, akaondoka. Kuanzia mwaka 1958 hadi 1963 alifanya kazi Geneva pamoja na Jean Piaget, ambaye alifundisha kwamba mtoto hapokei maarifa kama mtungi upokeavyo maji, bali huyajenga mwenyewe. Kisha Papert akahamia MIT. Mwaka 1967, pamoja na Wally Feurzeig na Cynthia Solomon, alitoa Logo, lugha ya kompyuta iliyokusudiwa watoto. Muda si mrefu Logo ikapata kobe wake: mashine ya magurudumu iliyotambaa sakafuni ikiwa na kalamu tumboni, ikichora kila njia iliyopita.

Ili tuone ubora wa njia hiyo, tutoe mfano mmoja. Mwanafunzi anataka kobe achore pembetatu yenye pande sawa. Amefundishwa kwamba kila pembe yake ni digrii 60. Basi anaamuru mara tatu: nenda mbele hatua 100, geuka kulia digrii 60. Kobe anatii. Lakini mchoro haufungi: umetokea mstari uliopinda mara mbili, nusu ya umbo la pande sita. Mwalimu hamwambii kwamba amekosa. Anamwambia: simama, tembea wewe mwenyewe kama kobe. Mwanafunzi anatembea hatua zake, anafika kwenye kona, anageuka, na mwili wake unamwonyesha kwamba pembe iliyo ndani ya umbo si kipimo cha kugeuka kwake. Inambidi ageuke digrii 120. Akirudia mara tatu amezunguka digrii 360, naye anatazama tena kule alikoanzia.

Katika zoezi hilo dogo yamo mambo matatu ambayo mhandisi atayahitaji maisha yake yote. La kwanza ni kusema kwa usahihi, kwa maana mashine hufanya kilichosemwa, haifanyi kilichokusudiwa. La pili ni kulitazama kosa kama habari na si kama aibu. La tatu ni kujitia mahali pa mwingine, hata kama mwingine huyo ni kobe wa chuma. Papert aliyaeleza mawazo hayo katika kitabu chake Mindstorms cha mwaka 1980. Jina la kitabu hicho ndilo kampuni ya LEGO iliyoiita roboti yake ya kujengwa na watoto, iliyouzwa kuanzia mwaka 1998 hadi kampuni hiyo ilipoikomesha mwishoni mwa mwaka 2022.

Lakini Logo ilihitaji kuandika, na mtoto wa miaka minne haandiki. Hapa inafaa tumkumbuke Radia Perlman, mwanafunzi wa MIT aliyefanya kazi katika maabara ya Papert. Kati ya mwaka 1974 na 1976 alibuni chombo kilichoitwa TORTIS. Kwanza alitengeneza sanduku la vitufe: mbele, nyuma, kulia, kushoto, kalamu juu, kalamu chini. Mtoto alibofya, kobe akatenda papo hapo. Baada ya mtoto kuzoea, alipewa chombo cha pili chenye nafasi za kuchomeka kadi za plastiki. Kila kadi ilikuwa amri moja, na safu ya kadi ilikuwa programu nzima. Mtoto aliyekosea hakufuta chochote: alichomoa kadi moja akaweka nyingine. Perlman alikuwa ameelewa kwamba ugumu haukuwa katika akili ya mtoto, ulikuwa katika mlango wa mashine. Akaubadilisha mlango.

Baadaye Perlman alipata sifa kubwa katika fani ya mitandao ya kompyuta, kwa kanuni aliyoibuni mwaka 1985 ya kuzuia ujumbe kuzunguka bila mwisho. Kazi ya watoto aliiacha. Yeye mwenyewe alieleza kwamba akiwa mwanamke peke yake kati ya wanaume, aliogopa kwamba hawatamchukulia kama mwanasayansi halisi akionekana anashughulika na watoto. Maelezo hayo yasipite bila kupimwa. Kazi ya kumfikiria mtumiaji dhaifu kuliko wote, ambayo leo huhesabiwa kuwa kiini cha ubunifu, ilionekana wakati ule kuwa kazi ndogo, ya kike, isiyofaa kuandikwa juu ya mlango wa maabara. Dharau ya namna hiyo haikuishia Massachusetts wala miaka ya 1970.

Afrika nayo haikukaa nje ya habari hii. Mwaka 1982 Papert na Nicholas Negroponte, wakiwa katika kituo cha kimataifa cha kompyuta kilichoanzishwa na serikali ya Ufaransa mjini Paris, walipeleka kompyuta kwa wanafunzi wa shule huko Dakar, Senegal. Logo wakati huo ilikuwa na amri za Kifaransa: kobe aliambiwa AVANCE, akaambiwa RECULE. Mtoto wa Kiafrika aliyetaka kumpeleka kobe mbele alihitaji kwanza lugha ya shule. Jambo hilo tutalirudia.

4. Darasa la mfuko wa vifaa

Wakati watoto walikuwa wakimwamrisha kobe, katika MIT hiyohiyo palikuwa na tatizo kwa wanafunzi wakubwa. Walijua kupiga hesabu za mashine ambazo hawakuwahi kuzigusa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Woodie Flowers alikabidhiwa somo la utangulizi wa ubunifu, lililojulikana kwa namba yake, 2.70. Njia yake ilikuwa rahisi kueleza. Kila mwanafunzi alipewa mfuko mmoja wa vifaa: vipande vya mbao na chuma, mipira, springi, mota. Mifuko yote ilikuwa sawa. Kila mwanafunzi aliambiwa kazi ambayo mashine yake ilipaswa kuifanya, na mwishoni mwa muhula mashine zilishindana mbili mbili mbele ya umati.

Mfuko ulikuwa sawa, lakini mashine hazikufanana. Hilo lenyewe lilikuwa somo: mwanafunzi aliona kwa macho kwamba swali moja lina majibu mia, na kwamba jibu lake yeye lina gharama yake na faida yake. Umati nao ulikuwa mwalimu. Mashine iliyofanya kazi vizuri usiku chumbani, ikiongozwa na aliyeiunda, ilikwama mbele ya watu, mikono ikitetemeka na mpinzani akiwa mbele yake. Mwanafunzi alijifunza kwamba mkono wa anayeiongoza ni sehemu ya mashine. Kishikio kilichowekwa vibaya si kosa la mshikaji.

Mwaka 1989 mvumbuzi Dean Kamen alianzisha shirika la FIRST, naye Flowers akashirikiana naye kuyapeleka mashindano hayo katika shule za sekondari. Mashindano ya kwanza yalifanyika mwaka 1992 huko Manchester, katika jimbo la New Hampshire, yakiwa na timu 28. Yalienea baadaye hata nje ya Marekani. Flowers, aliyefariki mwaka 2019, alisisitiza daima kwamba ushindi usimfanye mtu aache kumsaidia mpinzani wake. Timu iliyokosa kifaa iazimwe na ile itakayopambana nayo.

Hata hivyo historia isigeuke sifa tupu. Mashindano yana kasoro moja kwa anayeanza: humfundisha kumshinda mtu, na kumshinda mtu si sawa na kumhudumia. Mashine ya uwanjani ina mpinzani na ina mtazamaji. Mara nyingi haina mtumiaji. Kasoro hiyo ndiyo iliyojazwa na kituo chetu kinachofuata.

5. Uso wa Kismet na mtu aliyejificha

Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa MIT alitoa programu iitwayo ELIZA, iliyogeuza maneno ya mtu kuwa maswali na kumrudishia. Hapakuwa na uelewa wowote ndani yake. Lakini katibu wake, ambaye alikuwa amemwona akiiunda kwa miezi, alipoanza kuzungumza nayo alimwomba Weizenbaum atoke chumbani. Mwaka 1970 mhandisi wa Kijapani Masahiro Mori aliandika kwamba kadiri roboti inavyokaribia kufanana na mtu ndivyo tunavyoipenda, mpaka inapofika mahali ambapo kufanana huko, kwa kuwa hakujakamilika, hutuletea karaha ya ghafla. Mahali hapo alipaita bonde. Kwa mifano hiyo miwili wabunifu walionywa pande zote mbili: mtu huipa mashine zaidi ya ilicho nacho, na pia huweza kuikataa kwa sababu ya uso wake.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 Cynthia Breazeal, mwanafunzi wa Rodney Brooks huko MIT, aliunda Kismet. Ilikuwa kichwa tu, bila kiwiliwili, chenye macho makubwa, nyusi, masikio na midomo iliyosogea. Kwa makusudi haikufanana na mtu, ili asiyeijua asitarajie akili ya mtu mzima. Kismet haikuelewa maneno. Ilipambanua mlio wa sauti, kama mtu anasifu, anakataza, anaita au anabembeleza. Mtu aliposogea karibu mno, ilirudi nyuma, naye mtu, bila kuambiwa, akarudi nyuma pia, akawa mahali ambapo kamera ziliweza kumwona vizuri. Watu walianza kusema pole pole na kwa sauti ya kupandisha na kushusha, kama wanavyosema na mtoto mchanga.

Tazama jinsi kazi ilivyogawanywa. Mhandisi wa namna ya zamani angetafuta kamera bora zaidi. Breazeal alibuni mwendo mdogo wa shingo uliomfanya binadamu ajirekebishe mwenyewe. Fani hii ya maingiliano ya watu na roboti ilipata mkutano wake wa kimataifa wa kwanza wa kila mwaka mwaka 2006, huko Salt Lake City.

Msomaji ataweza kusema kwamba Kismet ni kitu cha nchi tajiri, na kwamba darasa letu lisilo na umeme wa hakika halina njia ya kufika huko. Kwa bahati njema fani hiyohiyo inayo mbinu isiyo na gharama. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 John Kelley wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins alijaribu programu ya kompyuta ambayo ilikuwa haijakamilika: nyuma ya pazia alikaa mtu akijibu badala ya mashine. Mbinu hiyo imeingia tangu hapo katika masomo ya roboti. Darasani inahitaji sanduku la karatasi ngumu, kamba chache, na mwanafunzi aliyejificha akivuta mkono wa roboti au akisema badala yake. Mtu wa nje, asiyejua siri, huombwa aitumie: aulize njia ya maktaba, au aikabidhi mzigo. Wanafunzi wengine huandika alisimama wapi, alisubiri kiasi gani, alisema nini, aliudhika lini. Baada ya hapo aelezwe ukweli, kwa maana kumficha mtu siri hiyo moja kwa moja si halali.

Zoezi hilo linampa anayeanza kile ambacho hesabu peke yake haiwezi kumpa: ushahidi kwamba wazo lake linaeleweka au halieleweki, kabla hajatumia senti moja ya chuma. Hesabu huja baada ya hapo, nayo huja kwa hamu, kwa sababu mwanafunzi sasa anajua anatafuta kipimo cha nini.

6. Njiapanda za Kinshasa

Mwaka 2013 wakazi wa Kinshasa waliona katika njiapanda za mji wao roboti mbili zikiongoza magari. Zilibuniwa na kuundwa papo hapo Kinshasa na shirika la wanawake wahandisi liitwalo Women's Technology, likiongozwa na Thérèse Izay Kirongozi, mhandisi aliyesoma katika ISTA, chuo cha ufundi cha mji huohuo. Mwaka 2015 zikaongezwa nyingine tatu, zikapewa majina ya Tamuke, Mwaluke na Kisanga. Lubumbashi nayo ilipata za kwake.

Mwili wao ulikuwa wa alumini, ili usishikwe na kutu katika mvua na joto letu. Urefu wao ulipita mita mbili. Kifua kilizunguka, mikono iliinuka na kushuka ikiwa na taa nyekundu na kijani, kamera ziliangalia barabara, nguvu ilitoka kwenye jua, na sauti iliwaambia waendao kwa miguu wakati wa kuvuka. Kila mojawapo ya sifa hizo ni jibu la swali la mahali: umeme unaokatika, hali ya hewa, na mtu wa miguu ambaye madereva humsahau.

Lakini swali kubwa la ubunifu ni lingine. Kwa nini mwili? Taa juu ya mlingoti ingalitosha kuonyesha nyekundu na kijani. Jibu, kwa maoni yetu, liko kwa dereva. Yeye amezoea tangu zamani kusoma mwili wa askari wa barabarani, ambao mijini kwetu huitwa roulage: kifua au mgongo wa askari ukimwelekea, asimame, ubavu ukimwelekea, apite. Roboti inayozungusha kifua chake inazungumza lugha ambayo dereva anaijua tayari. Wabunifu hawa hawakuanza na kamera. Walianza na mazoea ya mtu. Wamekutana na Breazeal bila kupita njia yake.

Wako madereva waliowaambia waandishi wa habari kwamba wanaiheshimu roboti kuliko askari, kwa sababu haiombi kitu. Upande wa pili ilikumbushwa kwamba roboti haiwezi kumfuata aliyevunja sheria akakimbia. Maneno yote mawili ni ya kweli, na mwanafunzi anayeanza afundishwe kuyaweka pamoja. Sifa ya kwanza haikuwa ya mashine. Ilikuwa lawama juu ya watu. Roboti ilipendwa kwa kile isichokuwa nacho, yaani mfuko. Mbunifu akiisikia sifa hiyo na kufurahi tu, hajaelewa alichoambiwa: barabara ilihitaji haki, na haki haiundwi kwa alumini.

Wasomaji wetu watakuwa wamelitambua jina la mwanzilishi huyo. Hatudai kujua lilikotoka jina la ukoo wake, lakini kirongozi, au kirangozi, ni neno walilolitumia watu wa misafara ya karne ya 19 kwa yule aliyetangulia mbele kuonyesha njia. Hivi ndivyo zile maana mbili za neno roboti zilivyokutana: mtumishi wa Čapek na taa ya njiapanda.

7. Hitimisho

Historia tuliyoifuata inaonyesha mwendo mmoja. Kobe wa Walter walifunua kwamba mtazamaji huongeza nusu ya mashine. Kobe wa Papert alimpa anayeanza haki ya kuamrisha, kukosea na kusahihisha. Perlman akaupanua mlango ili hata mtoto asiyejua kusoma aingie. Flowers alileta mfuko wa vifaa na macho ya umati. Breazeal na Kelley walimleta mtu mwenyewe, anayesogea, anayesema, anayeudhika. Wanawake wahandisi wa Kinshasa waliyatenda hayo barabarani, mahali ambapo kosa huweza kuua.

Katika mwendo huo lugha haikukaa pembeni hata mara moja. Kuamrisha ni lugha. Kadi za Perlman ni lugha. Sauti inayomwambia mama aliyebeba mzigo kwamba sasa avuke ni lugha, na ikisemwa kwa maneno asiyoyaelewa imekuwa kelele. Wanafunzi wetu wa uhandisi husoma kwa Kifaransa. Watu watakaotumia kazi zao, huku mashariki na kusini mwa nchi, huzungumza Kiswahili, na Kiswahili chao si kimoja: cha Lubumbashi si cha Bukavu, wala cha Bukavu si cha Kisangani. Nani atachagua neno ambalo roboti italisema katika njiapanda? Akiachiwa mhandisi peke yake, atatafsiri agizo la Kifaransa neno kwa neno. Akiachiwa mwanalugha peke yake, atatoa sentensi nzuri iliyo ndefu kuliko muda wa taa ya kijani.

Kwa hiyo tunapendekeza jambo linalowezekana hata mwaka huu wa masomo, bila kusubiri msaada wa nje. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uhandisi na wanafunzi wa Kiswahili wakutane kwa muhula mmoja juu ya kazi moja: roboti ya karatasi, mtu aliyejificha, na mpita njia wa kweli wa mtaani. Wa kwanza walete kamba na vipimo. Wa pili walete masikio. Wapimane kwa swali moja tu: je, yule mpita njia alielewa, akafanya alichokusudia, akaondoka na heshima yake? Wakishindwa watakuwa wamepoteza karatasi. Somo la kubuni lianzie hapo, na hesabu zitapata pa kusimama.